Kosa, Kasoro na Hitilafu: Historia Fupi ya Taarifa za Programu za Kompyuta

Katika kazi ya kufasiri maandishi ya kompyuta yako maneno matatu ambayo aghalabu hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja: kosa, kasoro na hitilafu. Mfasiri mmoja huandika kwamba programu ina kosa, wa pili kwamba ina kasoro, wa tatu kwamba imepata hitilafu, na pengine wote watatu wanafasiri sentensi ileile. Si ajabu, maana hata Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya asili ya sehemu kubwa ya maandishi hayo, kilichanganya maneno yake kwa muda mrefu. Lakini katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba tofauti baina ya maneno haya si pambo la lugha. Mtu anayetumia mashine, akaiona imefanya jambo lisilotarajiwa, akataka kumwarifu aliyeitengeneza, humsaidia au humpoteza kwa kadiri anavyofahamu ni lipi kati ya hayo matatu alilolishuhudia yeye mwenyewe. Historia ya mashine hizi ina mifano ya watu waliopoteza maisha kwa sababu dhana iliwekwa mahali pa ushahidi, na mifano ya watu waliookolewa kwa sababu mtu mmoja alikaa chini akakumbuka vidole vyake vilifanya nini.

Tuanze na mdudu, kwa kuwa ndiye anayejulikana zaidi. Wasemaji wa Kiingereza huliita tatizo la programu kwa jina la mdudu, na wengi huamini kwamba jina hilo lilizaliwa tarehe 9 Septemba 1947 katika Chuo Kikuu cha Harvard. Siku hiyo mafundi wa mashine ya kuhesabu iliyoitwa Mark II, iliyojengwa kwa ajili ya jeshi la wanamaji la Marekani, waliikuta ikienda kombo. Walipoikagua walimtoa nondo (mdudu arukaye usiku, si chuma cha kujengea) katika rilei, yaani swichi inayovutwa kwa sumaku ya umeme. Walimbandika kwa utepe katika daftari la kazi, wakaandika hapo kwamba hii ni mara ya kwanza kwa mdudu halisi kupatikana. Grace Hopper, mwanahisabati aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi ya programu, aliisimulia habari hiyo kwa miaka mingi, na ndiyo sababu watu humdhania yeye kuwa mwandishi wa maneno hayo. Lakini mzaha wenyewe unatuambia kwamba jina lilikuwa kongwe: hakuna asemaye "mdudu halisi" isipokuwa amekwisha kuzoea kuwataja wadudu wasio halisi. Naam, Thomas Edison alilitumia neno hilo katika barua yake ya mwaka 1878, akiwataja wadudu hao kama vikwazo vidogo vidogo vijitokezavyo baada ya wazo la uvumbuzi kupatikana.

Daftari la Harvard limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, na nondo angali amebandikwa. Yafaa ukurasa ule utazamwe kama taarifa. Una tarehe. Una saa, 15.45, au kama tusemavyo sisi, saa kumi kasorobo. Unataja namba ya rilei, 70, na herufi ya paneli, F. Na ushahidi umeambatishwa. Mtu ambaye hakuwapo anaweza kuusoma leo akajua ni nini kilichoonekana, lini, na katika sehemu gani ya mashine. Hata hivyo taarifa ile ilikuwa na bahati ambayo taarifa za baadaye hazikuwa nayo: kisababishi kilionekana kwa macho. Programu haina nondo. Maurice Wilkes, aliyeongoza ujenzi wa mashine ya EDSAC mjini Cambridge, ameeleza jinsi alivyotambua mwaka 1949, akiwa katika ngazi za jengo, kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyosalia ingekwenda katika kutafuta makosa ndani ya programu zake mwenyewe. Makosa hayo hayakuruka kutoka nje usiku. Aliyaandika mwenyewe kwa mkono wake.

Hoja hiyohiyo ndiyo aliyoisimamia Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa Uholanzi, mwaka 1988. Alitaka neno la mdudu liachwe kabisa na mahali pake pawekwe neno kosa, kwa sababu mdudu humfanya mtungaji wa programu aonekane kama mtu aliyevamiwa, ilhali ndiye aliyelipanda tatizo. Tunakubaliana naye kwa nusu. Wako wanaoandika "mdudu" na hata "dudu" katika maandishi ya Kiswahili, na sisi hatuoni faida yake: mzaha uliozaliwa kwa wenzetu haulazimiki kuwa istilahi kwetu, na mwananchi anayesoma kwamba kompyuta ya ofisi ina wadudu ana haki ya kwenda kutafuta dawa ya kupuliza. Lakini kuliweka neno kosa mahali pote, kama Dijkstra alivyotaka kwa lugha yake, kutaleta shida nyingine, nasi tutaieleza.

Kanuni yetu ya kuunda istilahi ni kutazama kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe. Kosa limetoka katika kukosa, ambako ni kutopata, kutofikia shabaha, na pia kutenda lisilo sawa. Nyuma ya kosa pana mtu. Mahakamani mtu hushtakiwa kwa kosa, wala hatujapata kusikia meza ikishtakiwa. Kasoro, kwa upande wake, ni upungufu ulio katika kitu. Tusemapo kumi kasorobo tunamaanisha kwamba robo imepungua ili saa itimie, wala hakuna anayelaumiwa kwa upungufu huo. Hitilafu imetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kutofautiana. Watu wawili wasioelewana twasema wamehitilafiana. Maana hiyo ya pande mbili haijapotea. Pasipo vitu viwili vya kulinganisha hapana hitilafu: lililotarajiwa upande mmoja, lililotokea upande wa pili.

Tukayapanga maneno hayo kwa mfuatano, tutaona yanasimulia kisa kizima. Mtu hutenda kosa anapoandika programu. Kosa huacha kasoro ndani ya programu. Na kasoro, siku ikiguswa, huleta hitilafu mbele ya macho ya mtumiaji. Kasoro yaweza kulala miaka bila ya kuguswa. Chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki, IEEE, kilipotoa faharasa yake ya istilahi za programu mwaka 1990 kilijaribu kuzitenga daraja hizi hizi kwa Kiingereza, na kikalazimika kuliorodheshea neno moja maana nne, ya kwanza ikiwa ni tofauti baina ya kilichopatikana na kilicho sahihi. Kiswahili kilikuwa na maneno matatu tayari dukani, kila moja na kazi yake, nasi tukawa tunayapanga rafu moja.

Sasa tuulize: mtumiaji ameona nini? Hakuliona kosa, kwa kuwa hakuwapo lilipotendwa. Hakuiona kasoro, kwa kuwa imo ndani ya maandishi ya programu ambayo aghalabu haruhusiwi hata kuyasoma. Ameiona hitilafu, basi. Anapoandika "programu ina kosa hapa" amekwisha kutoka katika ushahidi na kuingia katika hukumu, na mara nyingi hukumu hiyo huficha kile alichokiona kwa hakika. Mfano mkubwa kabisa wa jambo hili tunaoufahamu ni wa mashine ya tiba iliyoitwa Therac-25, na hatuna budi kukaa nao kwa kitambo.

Therac-25 ilitengenezwa na AECL, kampuni ya umma ya nishati ya atomiki ya Kanada, kwa ajili ya kutibu saratani kwa mionzi. Kumi na moja kati yake ziliwekwa katika hospitali, tano Marekani na sita Kanada. Mashine hiyo ilikuwa na njia mbili za kutibu: kwa elektroni moja kwa moja, au kwa eksirei. Kwa njia ya eksirei mwale wa elektroni ulihitaji kuwa mkali sana, kwa kuwa ulipitishwa kwanza katika vizuizi vya chuma kabla ya kumfikia mgonjwa. Mwale mkali ukitoka bila ya vizuizi kuwapo mahali pake, mgonjwa aliunguzwa. Katika mashine zilizotangulia jambo hilo lilizuiwa kwa swichi na vifungo vya chuma. Katika Therac-25 sehemu kubwa ya ulinzi huo iliachiwa programu.

Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 watu sita walipata kipimo kikubwa mno cha mionzi. Mwezi Julai 1985, katika mji wa Hamilton huko Ontario, mashine ilisimama ikaonyesha kwamba hapana kipimo kilichotolewa. Mwendeshaji alibonyeza kitufe cha kuendelea, kama alivyozoea, ikasimama tena. Hivyo hivyo hadi mara tano. Wahandisi wa kampuni walikuja, wakashindwa kulifanya tukio litokee tena. Wakaishuku swichi ndogo inayoonyesha mahali pa meza ya kuzungusha vizuizi, wakairekebisha, kisha wakatangaza kwamba usalama umeongezeka angalau mara laki moja, ingawa walikiri kwamba hawana hakika ya kisababishi chenyewe. Hapo ndipo tunaposema dhana iliwekwa mahali pa ushahidi. Walikuwa na hitilafu mkononi, wakaiacha, wakaitengeneza kasoro waliyoikisia.

Mwezi Desemba 1985, mjini Yakima katika jimbo la Washington, mgonjwa mmoja alitokewa na wekundu wa michirizi sambamba katika ngozi baada ya tiba. Watumishi wa hospitali waliandika barua kwa kampuni. Jibu la Februari 1986 lilieleza kwa hoja za kitaalamu kwamba haiwezekani madhara hayo yawe yametoka katika Therac-25, na kwamba hapana matukio mengine ya namna hiyo yaliyopata kuarifiwa. Ilhali tukio la Hamilton lilikuwa limekwisha kujulikana kwa kampuni hiyo. Tunalitaja hili kwa ajili ya wasomaji wetu walio katika ofisi za umma, ambao huandika majibu ya barua kila siku. Neno "haiwezekani" katika jibu la taarifa ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa humfanya aliyearifu ajitilie shaka, na huwanyima wa pembeni habari kwamba hawako peke yao.

Tarehe 21 Machi 1986, mjini Tyler katika jimbo la Texas, mwendeshaji mwenye uzoefu aliingiza maagizo ya mgonjwa wake. Alitakiwa kuandika herufi e ya elektroni, akaandika x ya eksirei, kwa kuwa wagonjwa wengi walikuwa wa eksirei na vidole vilikuwa vimezoea. Akaligundua kosa lake mara moja, akarudi juu kwa kitufe cha mshale, akarekebisha, akapita haraka penye mistari mingine iliyokuwa sawa, akaamuru mashine ianze. Ikasimama na kuandika: Malfunction 54. Kitabu cha mwongozo hakikueleza namba hiyo. Karatasi iliyokuwa kando ya mashine ilisema tu kwamba ni tatizo la kipimo, bila ya kubainisha kama kimezidi au kimepungua. Na skrini ilionyesha kwamba mgonjwa amepata kidogo mno. Mwendeshaji akaendelea. Chumbani, mgonjwa alikuwa amepigwa na mwale wa kwanza na alikuwa akijaribu kuinuka, lakini siku hiyo kamera haikuwa imeunganishwa na chombo cha sauti kilikuwa kibovu. Alikuwa ameagiziwa rad 180. Ilikadiriwa baadaye kwamba alipata kati ya 16,500 na 25,000. Alifariki miezi mitano baadaye. Wahandisi walikuja, wakashinda siku nzima wakiijaribu mashine, hawakuipata Malfunction 54, na mashine ikarudi kazini tarehe 7 Aprili. Tarehe 11 Aprili tukio likajirudia, mwendeshaji akiwa ni yuleyule na maagizo yakiwa yamerekebishwa vilevile. Mgonjwa huyo wa pili alifariki tarehe 1 Mei.

Lakini safari hii jambo lilikwenda tofauti. Mwanafizikia wa hospitali, Fritz Hager, aliizuia mashine isitumike, akakaa na mwendeshaji mbele ya skrini. Hakumwuliza mashine ina ubovu gani. Alimtaka arudie alichokifanya, kitufe kwa kitufe. Wakajaribu mara nyingi bila ya mafanikio, mpaka walipofahamu kwamba yatosha kurudia vitendo kwa mpangilio wake ila si kwa mwendo wa mtu anayekumbuka; ni lazima virudiwe kwa kasi ya mtu aliyezoea kazi. Kwa kasi hiyo Malfunction 54 ikatokea. Wakairudia, ikatokea tena. Hager akaiarifu kampuni. Mhandisi wa kampuni akajaribu, akapiga simu kusema kwamba kwake haitokei. Hager akamweleza habari ya kasi. Mhandisi akajaribu tena, ikatokea.

Hebu tuipime taarifa hiyo. Haikutaja kasoro, kwa kuwa si Hager wala mwendeshaji aliyeijua. Kasoro iligunduliwa na kampuni baadaye: mashine ilihitaji muda wa takriban sekunde 8 kuziweka sawa sumaku zake, na mabadiliko yoyote yaliyoandikwa katika sekunde hizo hayakutambuliwa na sehemu nyingine ya programu. Mtumiaji asingeweza kulijua hilo hata angefikiri mwaka mzima. Alichoweza ni kuipokeza njia, pamoja na jambo moja ambalo kila mtu alilidharau, yaani mwendo wa vidole. Na kampuni, mpaka ufumbuzi kamili upatikane, iliwaagiza wateja wake katikati ya Aprili 1986 waking'oe kifuniko cha kitufe cha mshale na kuziba swichi yake kwa utepe wa umeme. Ni nadra kuona utepe ukitumika mara mbili katika historia ya fani hii, mara ya kwanza kwa mzaha na mara ya pili kwa msiba.

Iko na nyongeza yenye manufaa kwa walimu. Katika kituo cha tiba kilichohusiana na Chuo Kikuu cha Chicago ilikuwako mashine ya awali, Therac-20, ambayo fyuzi zake zilikuwa zikikatika hasa wanafunzi wapya walipoanza mazoezi. Habari ya Tyler ilipoenea, mwanafizikia wa pale aliijaribu njia iliyoelezwa, akakuta kasoro ileile imo ndani ya mashine yake. Vifungo vya chuma ndivyo vilivyowakinga wagonjwa miaka yote hiyo. Wanafunzi walikuwa wakiionyesha hitilafu kila mwaka, ila ilihesabiwa kuwa ni ugeni wao wa kazi. Taarifa iliyoandikwa kwa ajili ya mji mmoja ikawa ufunguo wa mlango wa mji mwingine, jambo ambalo taarifa ya "mashine yetu imeharibika" isingeliweza kulifanya.

Taarifa ya pili tunayotaka kuitaja haikuhusu uhai wa mtu, bali tarakimu ya mbali katika sehemu ya desimali, na ubora wake ni wa namna nyingine. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika chuo cha Lynchburg huko Virginia, alikuwa akitafiti namba tasa pacha (lugha ya hesabu huruhusu tasa kuwa na pacha) kwa kutumia kompyuta kadhaa. Mwezi Juni alikuta majumlisho yake hayaafikiani. Mtu mwenye haraka angeandika siku hiyohiyo kwamba kompyuta mpya ina kosa. Nicely alijishuku kwanza yeye mwenyewe. Kwa muda wa miezi minne aliiondoa sababu moja baada ya nyingine: programu yake, kifasiri cha lugha ya programu, ubao wa mashine, mpaka ikabaki moja tu, kichakato cha Pentium cha kampuni ya Intel. Tarehe 30 Oktoba aliwaandikia wenzake. Alitaja kichakato kinachohusika na kile kisichohusika, na akatoa jaribio ambalo mtu yeyote mwenye mashine hiyo angeweza kulifanya mezani pake kwa dakika moja: gawanya 1 kwa 824633702441, kisha zidisha jibu kwa namba ileile. Matarajio ni 1. Pentium ilitoa 0.999999996274709702.

Mistari hiyo michache ilitosha. Watu wa nchi mbalimbali walijaribu, wakaona. Intel ilikiri kwamba ilikuwa imekwisha kuifahamu kasoro hiyo, ikadai kwamba mtumiaji wa kawaida angekutana nayo mara moja katika miaka 27,000. Lakini taarifa ambayo kila mtu anaweza kuithibitisha mwenyewe haizimwi kwa wastani. Tarehe 20 Desemba 1994 kampuni ilikubali kumbadilishia kila atakayetaka, na ikatenga dola milioni 475 kwa kazi hiyo. Kisababishi kilikuwa ni mapengo katika jedwali la namba lililomo ndani ya kichakato: baadhi ya nafasi ziliachwa tupu. Msomaji ataona kwamba hapo neno kasoro linakaa kwa maana yake ya asili kabisa, kama katika kasorobo.

Turudi nyumbani. Istilahi za kompyuta zilichelewa kwetu kwa sababu mashine zenyewe zilichelewa. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, marufuku iliyokuja kuondolewa baadaye. Programu ya kwanza kubwa ya ofisi kuonekana kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, ilitolewa na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Tangu hapo mfasiri wa Kiswahili amekuwa na wajibu ambao hakuwa nao zamani: yeye ndiye anayeandika maneno ambayo mashine itayasema inapokwama. Na ujumbe wa mashine ni taarifa pia, iliyotoka upande wa pili. Malfunction 54 ilikuwa taarifa, na ilikuwa mbaya kuliko zote tulizozitaja.

Kwa hiyo tunawaomba wafasiri wachunge mambo mawili. Kwanza, ujumbe unaomwambia mtumiaji "umefanya kosa" uwekwe pale tu ambapo mtumiaji ndiye aliyekosea kweli, kama vile kuandika herufi penye nafasi ya namba. Tumewahi kumwona karani katika ofisi moja akifuta ujumbe wa namna hiyo upesi kabla mkubwa wake hajaingia, ingawa ubovu ulikuwa ni wa programu. Taarifa ikapotea kwa neno moja. Pili, namba ya ujumbe isiachwe wala isibadilishwe katika tafsiri. Mtumiaji wa Tabora husoma Kiswahili, mtengenezaji wa ng'ambo husoma lugha yake. Namba ndiyo mkalimani wao. Naye anayearifu aunukuu ujumbe neno kwa neno, asiufupishe kwa maneno yake.

Tutoe mfano wa kubuni, wa ofisi ya kawaida. Karani wa likizo anamwandikia mtengenezaji: "Programu ya likizo inakosea tarehe. Tafadhali rekebisheni haraka." Mpokeaji hawezi kufanya lolote isipokuwa kuandika barua ya kuuliza, na wiki mbili zinapita. Linganisha na hii: "Niliingiza mtumishi mwenye likizo ya siku 28, kuanzia Jumatatu tarehe 26 Februari 2024. Siku 28 ni majuma manne kamili, hivyo nilitarajia arudi kazini Jumatatu tarehe 25 Machi. Programu iliandika Jumanne tarehe 26 Machi. Nilirudia mara tatu, ikatoa jibu hilohilo. Nilipojaribu likizo ya siku 28 kuanzia Jumatatu tarehe 27 Februari 2023, ilitoa Jumatatu tarehe 27 Machi, ambayo ni sahihi. Hakuna ujumbe uliotokea." Karani hakusema neno juu ya mwaka mrefu, wala hatakiwi kusema. Lakini fundi akiiona miaka hiyo miwili ikiwa sambamba atakwenda moja kwa moja mahali programu inapohesabu siku za Februari.

Tunaona pia kwamba taarifa hii ya pili imeandikwa kwa Kiswahili cha kila siku, bila ya istilahi hata moja ya kompyuta. Inafaa walimu waitumie darasani katika mazoezi ya insha za maelezo, mahali pa zile barua za maombi ya kazi ambazo wanafunzi wamekwisha zikariri.

Fomu nyingi za kuarifu matatizo ya mitambo tulizozipitia huanza na nafasi iitwayo "Aina ya kosa", na mwenye kujaza hulazimika kukisia kabla hajaeleza lolote. Tunapendekeza fomu hizo ziitwe taarifa ya hitilafu. Zianze na nafasi tatu, "Nilichofanya", "Nilichotarajia" na "Kilichotokea". Na nafasi ya "Kasoro iliyopatikana" ishushwe chini ya mstari, katika sehemu inayojazwa na fundi.